Sauti Iliyotangulia Gitaa

Rafiki yangu Theophil hununua nguo Shisanhang, soko la jumla la Guangzhou, China, na kuzituma Mbeya. Juzijuzi alianza kujirekodi akipiga gitaa chumbani kwake, hukohuko Guangzhou. Ili kuzuia mwangwi, alipanga marobota ya nguo hadi yakaziba dirisha. Mchana kweupe chumba kikawa giza, kimya hata pumzi zake alizisikia. Akapiga wimbo alioutunga papo hapo, akamtumia mkewe, Kissa.

Mara Kissa akapiga simu. "Baba Tumaini, huyo mwanamke anayekuimbia ni nani?"

"Mwanamke gani? Niko peke yangu, haki ya Mungu!"

Theophil akavaa hedifoni, akaisikiliza tena rekodi. Kweli, mwanamke aliimba taratibu, mdomo umefumbwa, akilitangulia gitaa kidogo. Na pale kidole cha Theophil kilipoteleza, yule mwanamke alikuwa ameshakosea kabla yake.