Mwenye Nyumba Aliyefutwa Pichani

Simu iliingia saa nne asubuhi. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa muziki asiyeona, mtu mpole aliyekuwa akitafuta nyumba ya kupanga.

"Samahani dada, ile nyumba yenu ya vyumba vitatu ina mtu?"

"Haina, mwalimu. Iko wazi tangu mwaka jana."

"Mbona simu yangu imenisomea kwamba sebuleni kuna mwanamke amekaa kwenye kona, uso kauelekeza ukutani?"

Aliyeulizwa ofisi nzima ilimwita Mama Kurasa. Kazi yake ilikuwa kutunza tovuti ya kampuni hiyo ya kupangisha nyumba: kufungua kurasa, kupandisha picha, na chini ya kila picha kuandika maelezo mafupi ili simu za wasioona ziwasomee wenyewe. Aliufungua ukurasa wa nyumba ile. Sebule ilikuwa tupu, pazia moja tu na sakafu iliyong'aa. Lakini kwenye kisanduku cha maelezo, pale alipokuwa ameandika "Sebule pana yenye madirisha mawili", palikuwa na maneno yaleyale ya mwalimu.

Akayafuta, akaandika ya kwake, akahifadhi. Kisha akamtupia jicho mpiga picha wa kampuni, aliyekaa meza ya pili akitafuna kifuniko cha kalamu. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu Mama Kurasa alipomsema mbele ya bosi kwa kuchelewesha kazi.

"Huyu ananichimba," alijisemea.

Aliporudi kutoka kula mchana, picha ya korido ilikuwa na maelezo mapya: "Mwanamke amesimama. Anageuka." Mfumo ule hauachi kitu; kila badiliko huwekewa jina la aliyelifanya na saa. Saa ilikuwa saba na dakika kumi, wakati yeye alikuwa kantini na kijiko mkononi. Jina lilikuwa lake.

Akabadilisha nywila bila kumwambia mtu. Kesho yake, chini ya picha ya jikoni, akakuta: "Mwanamke anauliza ni nani aliyemtoa."

Bosi akamwita, akamgeuzia kompyuta.

"Wateja watatu wamejitoa. Jina hili la nani?"

"Langu, bosi. Lakini si mimi."

"Jina lako, lakini si wewe. Unaniona mtoto? Ikifika Ijumaa mchezo huu haujaisha, nitatafuta mtu mwingine."

Mama Kurasa alikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa, wote wakimtegemea yeye. Alirudi mezani akiwa amevimba kwa hasira, na siku mbili hakumwondolea macho mpiga picha. Alipokwenda msalani, alizima kompyuta. Alipokula, alikula palepale. Na mpiga picha naye, kila alipotazamwa, aliinamisha kichwa kama mtu mwenye lake moyoni.

Alhamisi saa tisa alasiri, jua likiwa limejaa dirishani, ndipo harufu ilipoingia. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi na nywele zilizoungua. Mama Kurasa alidhani ni waya, akainama chini ya meza kutazama, na alipoinuka akaweka mikono mapajani, na hapo akasikia vitufe vya kompyuta yake vikigonga, kimoja, kingine, kingine tena, polepole kama mtu anayejifunza kuandika, hali vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeshikana mapajani, na kwenye skrini ikajitokeza picha ambayo hakuipandisha yeye, picha ya ofisi yao, ya meza yake, ya mgongo wake na blauzi ileile aliyoivaa siku hiyo, na chini yake maneno yakawa yanajiandika: "Mwanamke amekaa mezani. Nyuma yake amesimama mwenye nyumba."

"Usigeuke," sauti ya mpiga picha ilinong'ona. "Dada yangu, nakuomba, usigeuke."

"Ni wewe?" naye akanong'ona. "Ni wewe unayenifanyia haya?"

"Wallahi si mimi. Lakini ni mimi niliyemfuta." Mpiga picha alikuwa analia. "Siku niliyokwenda kuipiga picha nyumba ile ilikuwa tupu, nimeingia peke yangu. Nilipofungua picha, kuna mwanamke kwenye kona. Nikasema ni kivuli. Nikamsafisha kwa kompyuta, nikakuletea. Picha yenyewe nikaitupa. Niliogopa kuchekwa."

Harufu ikapungua kidogo, kama kitu kilichokuwa kikisikiliza kimerudi hatua moja.

Jioni ileile Mama Kurasa alikwenda kwa shangazi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupunga pepo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo jini hataki kafara," alisema. "Mmemtoa kwake mkatangaza ni patupu. Mkamwombe radhi, mmpige picha upya, na msimguse."

Ijumaa asubuhi wakaenda watatu. Nyumba ilikuwa baridi kuliko nje. Shangazi alisimama mlangoni na chetezo cha ubani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenye nyumba, aliyekufuta huyu hapa."

"Nisamehe, mama," mpiga picha alisema. Akapiga picha moja.

Wote watatu walirudi ofisini moja kwa moja. Mama Kurasa akazifuta picha zote za nyumba ile, akaipandisha hiyo mpya, na chini yake akaandika: "Nyumba hii ina mwenyewe. Haipangishwi." Akahifadhi. Wakangoja. Maneno yakabaki vilevile, na ile harufu ikatoka chumbani kama mlango umefunguliwa. Mpiga picha akamshika mkono, naye hakuuondoa.

Hapo bosi akaingia.

"Nani kawaruhusu kuitoa nyumba sokoni?"

"Nifukuze mimi, bosi," Mama Kurasa alisema. "Ukurasa huu usiuguse."

Bosi akainama kwenye skrini, akakunja uso. Wao wawili walikuwa wameitazama picha ile mara kumi. Palikuwa na kona, pazia na sakafu, basi.

"Na huyu mwanamke anayenitazama ni nani?" bosi akauliza.

Shangazi alikuwa anafunga kifurushi chake. Mikono yake ikasimama.

"Kama ni wewe unayemwona, baba," alisema taratibu, "basi hawa wawili ameshawaacha."