Mzigo Umepokelewa na Mume wa Mhusika

Jamani, niliposoma ule ujumbe, mkasi ulinitoka mkononi ukatua juu ya kitambaa cha mteja.

"Mzigo wako umepokelewa. Aliyepokea: mume wa mhusika."

Mume?

Dada yangu hana mume. Alikuwa naye. Siku aliyotoka kwake alitoka na taya limevunjika, mtoto kamshika mkono, beseni la nguo kichwani. Hakugeuka nyuma.

Mji aliokimbilia, kule milimani, tulikuwa tunaujua watu wawili tu. Yeye na mimi. Na yule bwana alishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba akimpata, sisi tutaletewa cha kuzika.

Sasa leo kapokea mzigo...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Nilimshonea mtoto wa dada sketi za shule, nikazitia kwenye boksi, nikalipeleka kwa watu wa kusafirisha vifurushi. Mzigo ukapotea. Kila nikienda kuuliza, mhudumu wa kaunta ananijibu huku anatafuna bigijii.

"Upo njiani, dada."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu."

Nilikuwa nimemchukia yule kaka kuliko mwenye nyumba wangu.

Nikampigia dada. Hapatikani. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, na simu wanaziacha getini mpaka jioni. Nalijua hilo, lakini nilipiga tena na tena kama mwehu.

Simu ikaita mkononi mwangu. Namba ngeni.

"Shemeji."

Nilimtambua kabla hajamaliza neno.

"Umekuwa kimya sana, shemeji. Kumbe ulikuwa unanitafuta kwa njia ya boksi."

"Sijakutafuta."

"Mbona wamenipigia? Wamenitajia mtumaji, wamenitajia mpokeaji. Namba yangu ipo chini ya boksi, kwa mwandiko wangu."

Hapo ndipo nikakumbuka, wasomaji wangu, na nikatamani ardhi inimeze. Boksi lile lilitoka nyumbani kwao, siku za amani, likiwa na vyombo alivyonipa dada. Mimi nikalihifadhi juu ya kabati, si unajua boksi zuri halitupwi? Na yule bwana alikuwa na ugonjwa wa kuandika namba yake ya simu kwenye kila kitu chake. Ndoo, kiti, ufagio, kwa maka peni nyeusi isiyofutika. Hata dada yangu alimwandika, ila yeye alimwandika kwa ngumi.

Nililifunga boksi juu kwa vipande viwili vitatu vya selotepu. Chini sikuangalia.

"Sketi nzuri," akasema. "Mtoto kakua. Nimeshafika mjini kwao hapa. Nitaanza na shule."

Akakata.

Sikufunga duka. Nilikimbia na futi shingoni, ndara moja ikabaki barabarani. Nililia njia nzima, sioni aibu kusema. Niliona kabisa mtoto anatoka darasani anamkuta baba yake getini anatabasamu.

Pale ofisini nikaipita foleni yote.

"Kwa nini mmempa mzigo mtu asiyehusika?"

"Mfumo unaonyesha umepokelewa, dada."

"Na nani?"

"Mpokeaji asipopatikana, tunapiga namba yoyote iliyo kwenye boksi. Ndivyo tunavyofanya siku zote. La sivyo mizigo inatuozea stoo."

"Huyo mtu anakwenda kumuua dada yangu."

Bigijii ikasimama mdomoni. Yule kaka akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, kisha akachukua simu ya mezani akaipigia ofisi iliyotoa mzigo, akaweka sauti ya juu. Upande wa pili akapokea mama mmoja mchangamfu.

"Ndiyo, kauchukua. Mstaarabu sana! Kaniuliza shule za msingi zilizo karibu na stendi, nikamwelekeza zote."

Nikashika kaunta.

"Sema kapata tabu," yule mama akaendelea. "Vumbi la hapa machimboni si mchezo, na leo wamelipua miamba tangu asubuhi..."

Machimboni?

"Mama, hapo ni wapi?" nikauliza.

"Tawi la stendi, mwanangu. Mji wa machimbo."

Nikamgeukia mhudumu. Alikuwa anaikodolea kompyuta, jasho linamtoka.

"Dada, nisamehe. Uliniambia tawi la stendi. Kila mji una tawi la stendi, mimi nikabonyeza la kwanza. Stika ikatoka na mji wa machimbo. Wa milimani uko... uko upande mwingine kabisa wa nchi."

Siku zote zile nilizomtukana moyoni, uzembe wake ndio uliokuwa umesimama mlangoni kwa dada yangu kama mlinzi.

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Yeye akadhani nimechanganyikiwa, akataka kunifurahisha, akanyanyua simu tena kwa mazoea ya kazi bila kufikiri.

"Usijali, nampigia yule mteja sasa hivi nimwambie ni mji gani hasa..."

"Weka simu chini!"

Nilimrukia juu ya kaunta. Mkono wake niliushika mpaka alipofuta ile namba mbele ya macho yangu.

Jioni dada akapiga, kachoka, hana habari.

"Mzigo vipi, mdogo wangu?"

"Umepotea."

"Tena?"

"Acha upotee, dada. Uombee uzidi kupotea."

Nikamweleza yote. Kisha nikasikia maji yanamwagwa.

"Dada? Unafanya nini?"

"Nageuza beseni."

Lile beseni alilotoka nalo kichwani. Analoogeshea mtoto, wanaloliazima majirani wote kila wakiwa na nguo nyingi. Akasema kwa sauti ndogo sana.

"Ipo. Namba yake ipo hapa chini. Mwaka mzima nimeigawa mtaani mwenyewe."

Kesho yake alikwenda polisi na shuleni, wanalo jina la yule bwana na picha yake. Beseni alikuwa amelikata vipande kwa kisu jioni ile ile, simu ikiwa bado hewani. Lakini hofu haijaniisha, ndiyo maana naandika. Wewe uliyemkimbia mtu, au unayemficha aliyekimbia: geuza kila ulichotoka nacho. Angalia chini, angalia ndani ya pindo. Jirani mwema akiokota kitu chako, atampigia mwenye namba, na atajiona amefanya wema.

Siku ile, dada akiendelea kukata, nilisikia mtoto anauliza kwa nyuma.

"Mama, na mimi niangalie mgongoni."