Sauti ya Chini ya Boneti

"Zima gari, dada! Zima sasa hivi!"

Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika. Honi zilishindana, madereva waligombania nafasi, na jua la utosi lilichemsha lami mpaka ikatoa harufu. Fundi alikuwa ameshuka kununua maji ya kunywa tu. Alipopita kando ya gari moja jeusi, la chini, la kizamani, akaona taa ya oili imewaka nyekundu kwenye dashibodi. Nyuma ya usukani alikaa mwanamke aliyevaa gauni la kitani jeupe, pini za kushonea zimechomekwa kwenye ukosi. Alikuwa ametulia kana kwamba anasikiliza taarifa ya habari.

"Unanisikia, dada? Hiyo injini haipati oili!"

"Nimekusikia, kaka."

"Sasa mbona huzimi?"

"Nikizima, atanyamaza."

Fundi ni mtu mwenye jibu la kila kitu na mengine ya akiba, akainamia dirisha atoe mojawapo. Ndipo naye akaisikia sauti. Chini ya boneti, katikati ya mlio laini wa injini, mtu alikuwa anaguna. Hakikuwa chuma kinachosagika, maana sauti za chuma anazijua zote. Lilikuwa guno la mwanamume mzima anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito.

"Nani huyo?"

"Mume wangu," alisema mwanamke, akapandisha kioo nusu. "Alifariki mwaka juzi."

Mwenye akili timamu angenunua maji yake akaenda zake. Huyu wetu aliomba namba ya simu.

* * *

Mwanamke alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa vitambaa, na cherehani yake ilitazama uani, ambako gari lilikaa chini ya turubai. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini.

"Injini hii mume wangu aliiunda mwenyewe, pale kwenye meza ya chakula," mshonaji alimwambia fundi siku ya kwanza alipokuja. "Tulikula jikoni miezi mizima."

Fundi alifungua boneti akapiga mluzi. Ilikuwa injini ya rota, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake vyuma viwili vya pembe tatu huzunguka na kuzunguka, vikiogeshwa na oili inayosukumwa na pampu. Oili ikikosa nguvu, beringi zinaliwa, na injini ya namna hiyo ikifa hupati nyingine kirahisi.

"Sauti ilianza lini?"

"Wiki tuliyomzika. Niliwasha gari nikaliacha lipate moto. Nikamsikia." Alishusha macho. "Alikuwa hasemi neno kabla hajasafisha koo. Hata kunichumbia, aliguna kwanza."

Kutoka dirishani wifi alidakia, "Mimi hilo gari likiwashwa, naenda dukani. Hata kama sina cha kununua."

Fundi akaanza kazi. Alichomoa kijiti cha oili: kiwango kilikuwa sawa. Akainusa oili, maana injini hizi hupenda kuchanganya petroli na oili, lakini haikunuka petroli. Akafunga geji yake mwenyewe ya kupimia nguvu ya oili kwenye injini, ili ajue kama taa ya dashibodi inadanganya. Haikuwa inadanganya. Injini ikiwa baridi mshale ulisimama vizuri, na kadiri ilivyopata moto ulishuka taratibu, na uliposhuka, guno lilianza. Mshonaji akiongea, linakatika. Akinyamaza, linarudi.

Alibadilisha oili na filta. Hakuna nafuu. Akafungua vali inayotunza mgandamizo, akaikuta safi, na springi yake ina nguvu. Kila jambo lilihitaji siku yake, na kila siku fundi alikaa kidogo zaidi ya kazi yenyewe.

"Fundi," wifi alimwuliza, "hilo shati umelipigia pasi kwa ajili ya pampu ya oili?"

"Usafi ni sehemu ya kazi, dada."

"Na manukato? Pampu inanusa?"

Mshonaji aliinamia cherehani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Ulikuwa muda mrefu hajacheka ndani ya nyumba ile. Jioni alipiga simu kuulizia mshale wa geji, wakaongea kuhusu kila kitu isipokuwa mshale wa geji.

"Lala salama, fundi wa watu."

"Nawe lala salama, mpenzi." Neno lilimponyoka, na upande wa pili hakuna aliyelikataa.

* * *

Mshonaji alikubali fundi alipeleke gari gereji kwa sharti moja: apime tu, asifungue.

Wenzake walipokwenda kula, fundi alibaki peke yake, mchana kweupe, milango yote wazi. Injini ikapata moto na guno likaanza. Kwa kuwa hajui kukaa kimya, akalisemesha kwa utani.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

Guno likakatika.

Aliangalia huku na huku. Gereji nzima ilikuwa imetulia, hata redio ya jirani haikusikika. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Nampenda mkeo. Nampenda kweli."

Mshale wa geji ukaanguka mpaka sifuri. Fundi alizima injini, akatoka nje akasimama juani kama mgonjwa wa homa. Mimi sisemi kitu. Oili ya moto ni nyepesi, mshale kushuka si muujiza. Naye alijiambia hivyo hivyo, na hakujiamini.

Lakini fundi ni fundi. Aliporudi, aliwasha tena, akaweka bomba la kusikilizia kila upande wa injini, na mahali sauti ilipotoka akapajua. Akapiga simu.

"Nimelipata tatizo. Oili inavujia ndani kwa ndani, nyuma ya kifuniko cha mbele. Lazima nifungue."

"Na sauti?"

"Sauti ndiyo huo uvujaji wenyewe. Nikiziba, itakwisha."

"Kumbe," mshonaji alisema polepole. "Umekuja na geji yako na maneno yako matamu, kumbe unataka kumzika mume wangu mara ya pili, upate nafasi."

"Sivyo, mpenzi wangu, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi. Nakuja kuchukua gari langu."

Alikuja na gauni jeusi, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, akaondoka bila kumtazama. Simu zote zilizofuata zilipokelewa na wifi.

"Anasema hayupo. Yupo hapa, kanuna, midomo imefika kwenye cherehani."

"Dada, mwambie injini itakufa."

"Nimemwambia. Anasema bora ife ikiongea."

* * *

Asubuhi moja simu ya fundi iliita kabla hajamaliza chai.

"Njoo," alisema mshonaji. Alikuwa analia. "Haguni tena kama zamani. Anagonga. Kama mtu anayepiga ukuta, anaumia. Sitaki aumie. Njoo umfungue."

"Zima gari, mpenzi. Nakuja."

Mshonaji alikataa gari litoke nyumbani, kwa hiyo kazi ilifanyika uani. Fundi alitoa rejeta na mikanda, kisha akamketisha kwenye usukani.

"Kanyaga klachi mpaka chini. Usiinue mguu hata kidogo, ukiinua, kuna beringi ndani itaanguka nami nitakulaumu mpaka uzeeni."

"Mpaka uzeeni? Nani kakwambia nitakuwa na wewe uzeeni?"

"Kanyaga, mama."

Boliti ya mbele ilipotoka, alikaza pedali kwa kipande cha ubao na kumruhusu ashuke. Kisha akavuta kifuniko. Akamulika ndani kwa tochi, akapitisha kidole pembeni.

"Alikata gasketi mwenyewe," fundi alisema mwishowe. "Karatasi nene ya kuziba kati ya vyuma. Alidhani nene ndiyo imara, isivuje nje hata tone. Sasa unene huo umeacha nafasi, na oringi hii hapa, pete ya mpira inayoziba njia ya oili, haikubanwa sawasawa. Ilipokakamaa, ikaachia. Ni kosa la mtu anayeipenda kazi yake kupita kiasi." Akasogea. "Na hapa kuna kitu inabidi ukione kabla sijakigusa."

Kwenye gundi iliyokauka pembeni mwa gasketi palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana. Mshonaji aliweka dole lake juu yake. Lilimezwa, la mume wake lilikuwa kubwa. Upepo ulikuwa umetulia, na wote wawili wakasikia, karibu kabisa, mtu akivuta pumzi. Wifi, aliyesimama mlangoni, hakwenda dukani.

"Lazima ikwanguliwe?"

"Lazima, yote. Ikibaki hata kidogo, kifuniko hakitakaa. Lakini nitasubiri. Hata mwaka."

Mshonaji alinyoosha mkono kwenye kisu cha kukwangulia alichoshika fundi. "Nipe hicho kisu."

Alikwangua mwenyewe, taratibu, machozi yakidondokea kwenye gauni, mpaka chuma kikang'aa. Fundi aliweka oringi mpya na gasketi nyembamba, akabana boliti moja moja.

Walipowasha, walisubiri injini ipate moto. Mshale ulipanda ukasimama katikati, na haukushuka. Injini ilizunguka laini, na ndani yake hapakuwa na mtu yeyote. Mshonaji aliegemea boneti kwa sikio, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akanyooka, uso umempauka.

"Sema kitu," alimwambia fundi.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nyumba hii haijawahi kuwa kimya hivi. Naogopa."

Fundi, na domo lake lote, akatafuta maneno akayakosa. Likabaki moja tu.

"Nataka kukuoa."

Mshonaji alifumba macho.

"Sema tena," alisema, "niizoee sauti yako."