Udongo Kwenye Kopo la Majani ya Chai

Siku ya kliniki Anitha hakuhitaji kuamshwa. Mapema asubuhi, katika fleti yao kule Landover, Marekani, alikuwa ameshakoroga uji, amevaa viatu na anawahimiza wazazi wake. Baba yake, Clement, alimtania kwamba pengine mjamzito ni yeye. Kabla ya kutoka walishikana mikono, mama akasali na kumkabidhi Mungu mtoto aliyekuwa tumboni.

Walikuwa wakienda kwenye nyumba ya uzazi, mahali ambapo wakunga wenyewe huwahudumia wajawazito tangu mwanzo hadi kujifungua. Mkunga wao, Bi Loretta, alikuwa Mmarekani Mweusi mwenye sauti ya upole. Mama yake Anitha, Domina, alikuwa bado hajakizoea Kiingereza na Kiingereza cha baba kilikuwa cha kazini tu, kwa hiyo Anitha ndiye aliyefasiri. Aliipenda mno kazi hiyo. Bi Loretta alikuwa amemfundisha kupapasa tumbo taratibu mpaka aguse kisigino cha mtoto. Baba naye alifundishwa kumkanda mama mgongo uchungu utakapoanza. Zaidi ya yote, Anitha aliahidiwa kuwapo chumbani mtoto atakapozaliwa.

Siku hiyo waliusikiliza moyo wa mtoto ukipiga mbio, na Anitha akacheka mpaka akajishika mbavu. Lakini Bi Loretta alipotazama majibu ya damu, tabasamu lake lilififia. Damu ya mama ilikuwa imepungua tena, ingawa alikuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu. Alieleza kwamba isipopanda, Domina atalazimika kujifungulia hospitali, kwa sababu mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi anaweza kufa. Na hospitali haikuruhusu watoto kuingia chumba cha kujifungulia.

Kisha akauliza kama Domina alikuwa akila kitu chochote kisicho chakula.

Anitha alijua kwamba kabatini nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai, kulikuwa na vipande vya udongo, ule ambao wajawazito wengi kwao huutafuna. Shangazi Leokadia ndiye aliyeuleta kutoka Bukoba, umefichwa kwenye sanduku katikati ya vitenge. Akamfasiria mama swali.

"Mwambie hakuna," mama alisema bila kumtazama. "Watatucheka, watu wazima tunakula ardhi."

Anitha hakuwahi kumbishia mama yake mbele ya mgeni. Sasa akamgeukia.

"Mama, nisamehe. Asubuhi tumemkabidhi Mungu huyu mtoto. Sasa mimi nidanganye juu yake?"

Baba alikohoa. "Mama Anitha," alisema polepole, "mtoto anauliza."

Mama akashusha pumzi. "Haya. Mwambie. Mwambie na kopo lenyewe."

Anitha alieleza yote. Bi Loretta hakucheka. Aliuliza tu, "Ni mweupe au mwekundu?" Kisha akawasimulia kwamba bibi yake, kule Georgia, aliuficha wake kwenye mkebe wa sukari. Mama alipofasiriwa hayo, yeye ndiye aliyecheka, akajifuta machozi.

Bi Loretta alieleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi huja damu inapopungua, na udongo wenyewe huzuia vidonge visifanye kazi. Alimwomba mama auache, anywe vidonge kwa maji ya machungwa badala ya chai, na ale maini na mboga za majani. Baba akajifanya bingwa wa kukaanga maini, ingawa aliyaunguza mara kadhaa. Kila hamu ilipomjia mama, Anitha alimmenyea chungwa.

Damu ilipanda. Uchungu ulipoanza, walikwenda palepale kwa Bi Loretta. Baba alikanda mgongo, Anitha alishika mkono wa mama, na mchana ule akazaliwa msichana mwenye sauti kubwa. Anitha akawa wa kwanza kumwita kwa jina lake, Adela.

Mama alimvuta binti yake mkubwa karibu.

"Mkunga hawezi kutibu asichoambiwa," alisema. "Aibu yangu ingeweza kunitenga na ninyi. Mwanangu, anayekuhudumia mwambie kweli, hata kama ulimi ni mzito."

Baba alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akauliza kama sasa angeruhusiwa kupumzika kazi ya kukaanga maini.