Mwepesi na Pacha

Mvua ilikuwa imegeuza uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale kuwa uji, na Nanyama alikuwa amekuja na viatu vya kisigino. Alijikokota kwenye tope, gauni lake la zambarau amelikusanya mkononi, macho yakitafuta mahali popote pakavu.

Palikuwa na mahali pamoja tu: kibanda kilichotandikwa zulia, na juu ya zulia kijana mrefu mwenye sweta ya kijani, akipaza sauti kama muuza mitumba.

"Mashindano! Mashindano! Mwepesi dhidi ya Pacha! Kuja ujionee!"

Waliotarajia ndondi walikuta kompyuta mbili mezani, wakaenda zao kutazama ng'ombe wa gredi wenye maziwa mengi. Nanyama akabaki. Zulia lilimvutia, sikatai, lakini kuna kitu kingine kilichomshika. Alichungulia nyuma ya mashine.

"Hizi ni seva. Ndani kuna prosesa gani?"

Kijana akamgeukia. "Dada, umeniuliza swali au nimeota?"

"Jibu bana, viatu vyangu vinazama."

Jina lake lilikuwa Kinyua, muuzaji wa duka moja la kompyuta mjini Kitale. Alimweleza kwa mikono yote miwili. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Mwepesi ina ubongo mmoja unaokimbia kama umechomwa. Pacha ndiyo mtindo mpya wa mwaka huu wa 2006: bongo mbili ndani ya chombo kimoja, kila mmoja na mwendo wa kawaida, na bei yake iko chini kidogo.

"Kwa hivyo Mwepesi ni karani mmoja mwenye mkono mwepesi," Nanyama alisema, "na Pacha ni makarani wawili wa kawaida."

"Eh! Nimehubiri tangu asubuhi, wewe ndiye wa kwanza kuokoka. Unaitwa nani?"

"Kwanza niambie, ipi inafanya kazi zaidi kwa pesa yangu?"

"Inategemea."

"Hilo ni jibu la mtu asiyejua."

"Ni jibu la mtu anayetaka namba yako ya simu."

Alipewa namba. Tope lilikuwa limeshammaliza Nanyama nguvu za kuringa.

Nanyama hakuuliza kwa kupitisha wakati. Ushirika wa maziwa wa kule Bungoma, alikoajiriwa kwa majaribio, ulikuwa umefiwa na seva yake ya zamani, kompyuta kuu iliyohudumia makarani wote, na mwenyekiti, Mzee Wekoye, alimwachia yeye achague mpya. Alimwambia kwa upole unaotisha: "Msichana wangu, wakulima wakipanga foleni mwisho wa mwezi na hiyo kitu ikwame, mimi nitatafuta mtu mwingine wa kompyuta." Kibarua chake chote kilikuwa kinaning'inia kwenye prosesa.

Basi simu zikaanza. Nanyama alikuwa akiflash, anapiga na kukata ili asile salio, Kinyua akipiga. Walianza na bongo na kumbukumbu na umeme, wakaishia kwenye "umekula nini?" na "mbona sauti yako leo iko chini, mpenzi?" Jumapili Nanyama alipanda Kitale, wakanywa chai ya tangawizi karibu na soko, Kinyua akiwa na sweta ile ile.

"Hii sweta ulizaliwa nayo?"

"Mamangu Waruguru aliifuma. Hapa Kitale baridi haina adabu, swity."

Kinyua alipima zile seva dukani kwake asubuhi moja, akapiga simu akihema kwa furaha. "Nimezipa hesabu ya malipo ya mwezi mzima. Mwepesi amemwacha Pacha mbali! Chukua Mwepesi, dear."

Nanyama akaenda mbele ya kamati ya ushirika akasema Mwepesi, kifua mbele. Duka likaleta Mwepesi kwa majaribio, ikawekwa chumba cha nyuma, chini ya mabati.

Asubuhi ilikimbia vizuri. Mchana feni yake ikaanza kulia kama posho mill ya kusaga mahindi, na makarani wakaanza kulalamika.

"Nanyama," aliita Edinah, karani wa dirisha la kwanza la malipo, "mgeni wako amelala."

"Si mgeni wangu."

"Wa bwana wako basi. Mkulima hapa anauliza kama atalipwa leo au mtoto wake ndiye atakuja kulipwa."

Nanyama alitoka nje na kumpigia Kinyua kwa salio lake mwenyewe, na hapo ujue mambo yameharibika.

"Mashine yako imekwama. Uliniuzia ya bei ghali ndio upate komisheni kubwa, si ndio?"

"Baby, hapa ilikuwa inakimbia, naapa..."

"Usiniite baby. Nimesimama mbele ya wazee nikasema neno lako kama neno langu. Hizo simu zote kumbe ulikuwa unauza mashine!"

Akakata. Alilia kidogo chooni, akanawa uso. Kinyua alipiga tena na tena, Nanyama hakushika.

Lakini kuna watu wakikasirika hulala, na kuna wengine wakikasirika huuliza. Nanyama alikuwa wa pili. Kama Kinyua alidanganya, mbona asubuhi mashine haikuwa na shida? Kesho yake aliazima kipimajoto kwenye tangi la maziwa, akakichomeka nyuma ya seva, akakaa akitazama. Jua lilivyopanda ndivyo joto lilivyopanda, na Mwepesi ikapunguza mwendo ili isiungue. Jioni kulipopoa, ikakimbia tena.

Aibu ikampanda Nanyama. Kinyua alikuwa amepima Kitale, asubuhi, ndani ya sweta. Hakudanganya. Alipima kwenye baridi.

Kabla hajapata ujasiri wa kupiga simu, pickup ilisimama nje. Kinyua alishuka amekumbatia Pacha kama mtoto mgonjwa, sweta imelowa jasho.

"Kabla hujanifukuza," alisema haraka, "nimefikiria usiku kucha. Dukani kuna baridi, na tena nilipima mtu mmoja tu akiiuliza mashine. Nyinyi mna madirisha mangapi?"

"Yote yanauliza pamoja," Nanyama alisema. "Kinyua, mimi pia nimepima. Nilikuita mwongo bure. Nisamehe."

"Nisamehe wewe. Tuiunge kwanza, mikono inakufa ganzi."

Mchana huo huo, mabati yakilia kwa joto, Edinah na wenzake walizifanyia mashine zote mbili fujo ya maswali kwa pamoja. Mwepesi ikahema. Pacha ikajibu dirisha hili na lile bila kelele, na kipimajoto chake kikabaki chini.

"Sasa Mzee Wekoye," Kinyua alinong'ona. "Mwambie ni mimi nilikosea."

"Nitamwambia tulikosea. Mimi ndiye nilisema bila kupima hapa."

Aliyasema hayo yote mbele ya kamati, kipimajoto mkononi. Mzee Wekoye alimtazama, akamgeukia Kinyua.

"Wewe, si utapata kidogo tukichukua hii nyingine?"

"Kidogo, mzee."

"Na bado umeileta mwenyewe." Mzee akacheka polepole. "Tuchukue Pacha. Na huyu msichana aandikiwe barua ya kazi ya kudumu. Anayerudi kusema 'nilikosea', mimi huyo simwachilii."

Nje, chini ya jua kali, Kinyua alivua sweta kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Ndani alikuwa na fulana yenye tundu begani.

"Nanyama, naweza kuleta wazee wangu kwenu?"

Nanyama alimtazama kwa makini, kama alivyozitazama zile mashine kwenye tope. "Wewe nimekupima Kitale tu."

"Kwa hivyo jibu ni hapana?"

"Jibu ni njoo Jumamosi, peke yako kwanza. Mchana. Mama atapika, na shangazi zangu wote watakuwepo, na wote huuliza maswali kwa wakati mmoja."

Kinyua akajipangusa jasho. "Na nikihema?"

"Nitakuwa nimekaa karibu na wewe," alisema Nanyama, "nitakupepea."