Kaka Yangu Alinianika Ukumbini Ili Gari la Wagonjwa Lifungwe

Picha yangu ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango wa ghala.

Nimelala chali kwenye machela, ndani ya gari la wagonjwa. Mdomo wazi. Buti miguuni. Mate shavuni!

Watu mia mbili ukumbini wakaangalia ukuta, wakaniangalia mimi, wakarudi tena ukutani.

Na aliyeshika kipaza sauti alikuwa kaka yangu wa tumbo moja...

"Wakulima wenzangu," akasema Orrin, "kodi ya nyumba zenu hiyo hapo. Imelala fofofo!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Jamani, mshawahi kuchekwa na watu ambao mlishawabeba mgongoni? Mstari wa pili alikuwepo jamaa niliyemfunga mguu ukivuja damu kama bomba. Naye anacheka, kashika tumbo!

Naitwa Marlys Tollefson. Miaka kumi na miwili nimefanya kazi kwenye gari la wagonjwa la Larkin Flat, huku kwetu kwenye ngano, mashariki mwa Washington. Gari lenyewe moja. Linaendeshwa na kodi ya majengo ya kaunti, na kila baada ya miaka sita wananchi wanaipigia kura. Safari hii uongozi wa kaunti ulizubaa, muda wa ile kodi ukaisha, ikabidi tuanze upya. Na kuanza upya kunataka asilimia sitini ya kura za NDIYO, ndiyo sababu ya mkutano ule.

"Hiyo picha umeitoa wapi?" nikauliza kutoka kwenye kiti changu.

"Nimeipiga mwenyewe."

"Lini?"

"Siku niliyokuja kukusalimia. Nikakuta mnakoroma."

Nikasimama. Nikaenda mpaka mbele.

"Nipishe."

"Subiri zamu yako, dada."

"Zamu? Wewe leo ndiyo wa kunifundisha mimi zamu?"

Nikamnyang'anya kipaza sauti. Mbele za watu. Na sijutii!

"Ndiyo, ni mimi huyo," nikasema. "Zamu yetu ni saa arobaini na nane. Siku hiyo tulikuwa tumemtoa mtu chini ya trekta, tukamkimbiza maili tisini, tukarudi, tukaitwa tena. Nikalala dakika ishirini na buti zangu. Mkitaka mtu asiyelala, kaajirini bundi!"

Safari hii walicheka wengine.

Orrin hakucheka. Na kitu kimoja nilikiona, ila sikukitilia maanani. Hakuniangalia machoni hata mara moja...

Picha ikaingia mtandaoni usiku uleule. "Kodi yako imelala." Watu wakaichorea kofia ya kulalia. Mmoja akaandika eti nipewe na godoro kabisa.

Mwezi wa kumi na moja kura zikahesabiwa.

Asilimia hamsini na nane.

Mbili tu, jamani. MBILI!

Tarehe thelathini na moja Desemba kituo kikafungwa. Wakabandika karatasi mlangoni: ukipatwa na dharura piga 911, gari litatoka kaunti ya jirani.

Kutoka huko mpaka kwetu ni dakika hamsini. Barabara ikiwa kavu.

Mwenzangu wa zamu akapata kazi mjini. Akaniambia, "Marlys, njoo na wewe. Hawa watu hawakutaki."

"Hawanitaki, lakini wataniona."

Nikachapisha fomu. Nikipata saini za kutosha, kaunti inairudisha kura mwezi wa nne. Nikaanza kupiga hodi shamba kwa shamba. Na nilianza na wenye mabango ya HAPANA uani, makusudi!

Mzee Behrend alinifungulia mlango, kijiko cha uji mkononi.

"Sijaugua miaka sabini na tisa," akasema.

"Hongera. Na mkeo je?"

"Mke wangu anaweza kusema mwenyewe."

Sauti ikatoka jikoni: "Klaus, mpe kalamu huyo dada, halafu leta na mimi nisaini!"

Nilikuwa naenda hivyo. Nyumba nne kwa siku, tano, kumi. Nilifukuzwa na mbwa wawili na mwanamke mmoja mwenye ufagio. Nilirudi kwake kesho yake.

Sasa sikilizeni kilichotokea katikati ya Januari.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu umekaba mji. Nimesimama mlangoni pa posta na fomu zangu. Mama yangu, Verna, alikuwa ndani kwenye foleni, na kifurushi cha sweta mkononi. Alikuwa amepita bila kunisemesha. Tangu kituo kifungwe alikuwa mkimya sana kwangu, nikadhani anaona aibu kwa ugomvi wa wanawe.

Mara Orrin akasimamisha pikapu yake.

"Acha hii kitu, Marlys. Wananchi wamesema."

"Wananchi asilimia arobaini na mbili ndiyo wamesema."

"Unatuaibisha."

"MIMI ndiyo nawaaibisha? Aliyemweka dada yake ukutani akiwa na mate ni nani?"

"Hujui unachoongea..."

"Niambie basi nijue!"

Akafungua mdomo. Kabla hajasema, tukasikia kishindo ndani.

Puuh!

Halafu mtu akapiga kelele, "Verna! Verna jamani!"

Niliruka kizingiti. Mama alikuwa chini, kalala ubavu, midomo imeanza kuwa ya bluu. Nikashika shingo. Hakuna kitu. Nikaweka shavu puani kwake.

Hakuna kitu...

Wasomaji wangu, nimewaona watu wengi katika hali ile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mama yangu.

"Piga 911!" nikamwambia karani. Nikaanza kusukuma kifua cha mama yangu. Nilisikia ubavu unavunjika chini ya viganja vyangu. Nikaendelea.

Karani akasema, simu sikioni, "Wanasema dakika hamsini. Helikopta hairuki, ukungu."

Dakika hamsini!

Moyo uliosimama haungoji dakika hamsini. Unataka kushtuliwa kwa mashine, na unataka sasa hivi. Na mashine nilijua ilipo. Mita mia mbili kutoka pale, ndani ya kituo changu, kwenye kabati la kushoto. Watu wa kaunti walikuwa hawajaja kuichukua.

"Orrin! Piga magoti hapa. Sukuma!"

"Siwezi... nitamuumiza..."

"Amekufa, Orrin! Huwezi kumuumiza zaidi ya hapo! Sukuma, hesabu kwa sauti!"

Akaanza. "Moja... mbili... tatu..." Machozi yanamdondokea Mama kwenye koti.

Nikakimbia. Sijui nilikimbiaje kwenye ile barafu. Nilianguka mara moja, nikainuka. Mlango wa kituo umefungwa kwa mnyororo. Pembeni kulikuwa na jiwe la kuzuia mlango.

Nikalitupa dirishani. KRAAAH!

Kengele ya wezi ikaanza kulia mji mzima. Ilie! Nikaingia, nikachanika mkono, nikabeba mashine, nikatoka palepale.

Nilipofika, foleni nzima ya posta ilikuwa imepiga magoti. Wanapokezana. Orrin, karani, na yule mama wa ufagio. Yuleyule! Anasukuma kifua cha Mama, kofia imemwangukia machoni.

Nikamfungua koti, nikachana sweta aliyovaa. Nikabandika pedi za mashine kifuani.

"Ondokeni wote! Asiguse mtu!"

Mwili wa Mama ukaruka.

Kimya...

Nikasukuma tena. Dakika mbili. Mashine ikapima, ikasema shtua tena.

Ukaruka tena.

Na hapo nikasikia kitu chini ya vidole vyangu. Kidogo. Kama kifaranga ndani ya yai.

"Upo," nikasema. "Upo! Upo! Mama upo!"

Gari la kaunti ya jirani lilifika baada ya dakika hamsini na tatu. Tulimfunika kwa makoti ya watu kumi na mmoja. Sikuondoa vidole vyangu shingoni mwake hata sekunde.

Askari naye alifika kufuata kengele.

"Nani amevunja dirisha la serikali?"

"Mimi. Marlys Tollefson. Andika vizuri, herufi mbili za L."

Akaniangalia mkono unaovuja damu. Akaandika. Haikuja kesi, ilikuja barua ya onyo. Nimeibandika kwenye friji.

Siku ya tatu hospitalini Mama akaweza kuongea. Mimi nimekaa kitandani, Orrin kaenda kutafuta kahawa.

"Marlys..."

"Nipo, Mama. Usijichoshe."

"Ile picha. Orrin hakuipiga."

Nikamsogelea.

"Niliipiga mimi," akasema. "Nilileta mkate wa tufaha kituoni. Nikakukuta umelala hivyo. Nikadhani umekufa, mpaka nikasikia unakoroma."

"Mbona Orrin alisema ni yeye?"

"Nikampa Orrin. Nikamwambia, kaitumie. Lifunge lile gari."

"Mama! Kwa nini?!"

Sijawaambia habari za baba yangu. Baba alikuwa wa kujitolea kwenye gari la kituo hikihiki, enzi hizo lilikuwa bovu hata breki za kubahatisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa lilipoteleza na kuingia korongoni. Aliyekuwa anaendesha alipona. Baba hakupona.

"Baba yenu aliinuka mezani, supu haijapoa," Mama akasema. "Akasema anarudi. Halafu wewe ukaenda kukaa kwenye kiti kilekile. Miaka kumi na miwili, kila simu ikilia nazika mtu. Nikasema likifungwa, mwanangu atalala kwake."

"Na wewe karibu ufe!"

"Bora mimi."

"Siyo bora wewe!" Nilipaza sauti mpaka nesi akachungulia. "Hakuna bora fulani, Mama! Na yule mwenye trekta je? Na watoto wa watu? Ulitaka nipone mimi peke yangu?"

"Ndiyo," akasema. Bila kupepesa. "Mimi ni mama yako. Ndiyo."

Nifanyeje na jibu kama hilo? Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kutoka nje nipasue kitu. Nikamshika mkono.

"Nisikilize. Nakupenda. Na lile gari likifunguliwa, mtu wa kwanza kupanda ni mimi. Utanisamehe au hutanisamehe, nitapanda."

Akageukia ukutani, akalia kimyakimya.

Orrin alikuwa mlangoni, vikombe mikononi. Amesikia yote.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ukinichukia mimi, una kaka mbaya. Ukimchukia Mama, huna mama."

Nilimpiga ngumi ya bega. Kahawa ikamwagika. Tukakaa hivyohivyo, watatu.

Saini zilitimia. Mwezi wa tatu kukawa na mkutano mwingine, ukumbi uleule. Sikumwomba Mama aje. Alikuja mwenyewe, na fremu ya kutembelea, hatua moja, pumziko, hatua moja. Akakataa kiti.

"Binti yangu mlimcheka," akasema. "Mchekeni huyu hapa. Picha niliipiga mimi, kwa sababu nilikuwa naogopa. Bado naogopa. Lakini nimelala chini pale posta, na mkawa mmenipigia magoti. Sasa nataka nimjue mtu mmoja humu anayedhani zamu yake haitafika."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Lakini kodi inapanda, Verna!"

"Inapanda bei ya piza moja kwa mwezi, Gus. Na wewe piza unakula nyingi, tunaona."

Hata Gus alicheka.

Aprili, kura zikahesabiwa. Asilimia sitini na sita!

Nilirudi kituoni kwa mlango safari hii. Nikaosha gari, nikapanga dawa, nikavaa buti.

Jumapili tukala kwa Mama. Nikaona nimchokoze.

"Mama, ulipiga nini?"

"Kura ni siri. Kula viazi."

"Mimi sina siri," akasema Orrin. "Nilipiga HAPANA."

Uma ukaniponyoka. "Hata baada ya yote yale?!"

"Shamba linanitoa roho kwa kodi, Marlys. Ngano haina bei. Mama nampenda, wewe nakupenda. Kodi siipendi."

Nikamtazama kaka yangu, shati lake lilelile la miaka yote, mikono imepasuka kwa baridi. Hakuwa anatania.

"Sawa," nikasema. "Lakini ujue, ukianguka nitakuja."

"Najua," akasema, huku anajiongezea mchuzi. "Ndiyo maana nina jeuri ya kukataa."

Wapendwa, nilichojifunza ni hiki. Adui yako hayuko kila mara pale unapoona kipaza sauti. Wakati mwingine anayekuzuia ni yule anayekupenda kupita kiasi, na upendo wa namna hiyo nao unapingwa, kwa adabu, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Na kitu cha wote hakijengwi kwa wanaokubali peke yao. Aliyekataa naye atabebwa.

Mimi nawabeba wote. Na nikipata dakika ishirini, nitalala. Pigeni picha mkitaka!