Alama za Chaki kwenye Breki za Bi Mkubwa

Kila siku akitoka shule, Spana alivua sare, akala, akanawa mikono, kisha akavaa ovaroli kuukuu ya shangazi yake na kuikunja miguu mpaka ikawa minene kama mito. Jina la Spana hakupewa na wazazi wake. Alipewa na shangazi, ambaye ni fundi magari, kwa kuwa tangu alipokuwa mdogo, msichana huyo akisikia fundi anaomba spana, alikuwa wa kwanza kukimbia kuileta.

Uani alikaa Bi Mkubwa. Huyu hakuwa mtu, bali gari la babu, la zamani sana, lenye taa za duara kama macho yaliyoshtuka. Babu alilipenda kupita kiasi. Kwa gari hilo aliwaleta nyumbani watoto wake wote walipozaliwa, na baadaye akamleta Spana.

"Mke mkubwa yuko uani, anafutwa vumbi kila asubuhi," bibi alizoea kulalamika. "Mimi mke mdogo najifagilia mwenyewe."

Lakini Bi Mkubwa alikuwa na ugonjwa mmoja: hakusimama upesi. Breki zake zilikuwa za dramu, za kizamani, zinazobana ndani ya kopo la chuma gurudumuni. Siku moja mteremkoni babu alikanyaga breki mpaka mguu ukafika chini, na gari likaja kusimama likiwa limeshabusu mkokoteni wa muuza mkaa. Hakuna aliyeumia, ila bibi alikuwa ndani. Aliposhuka, alishika kiuno.

"Jumapili hii lisiposimama linapoambiwa, nalifanya banda la kuku. Na sitanii!"

Ndipo shangazi alipoamua kuyawekea magurudumu ya mbele breki za diski. Jumamosi asubuhi alizing'oa dramu, akafunga diski, yaani sahani za chuma zinazozunguka pamoja na magurudumu. Kila diski hubanwa na kifaa kiitwacho kalipa, kama vidole viwili vinavyobana karatasi. Kalipa mbili alizozipata zilikuwa zimetoka kwenye gari jingine, zimejaa vumbi.

"Spana," alisema, akichora kwa chaki msalaba kwenye moja na duara kwenye nyingine, "hizi ni kama mapacha, lakini kila moja ina upande wake. Msalaba ni kulia, duara ni kushoto. Zipanguse vumbi tu. Chaki usiiguse."

"Sawa, shangazi."

Spana alianza kupangusa. Kona moja ikang'aa. Akawaza jinsi babu atakavyofurahi akiona vyuma vinavyometameta kama vijiko vya wageni. Akachukua brashi, akasugua kwa bidii zake zote. Alipoziinua kalipa, zilikuwa safi kabisa. Msalaba haupo. Duara halipo.

Aligeuza kalipa hii, akageuza ile. Zote sawa! Shangazi akaita kutoka chini ya gari, "Tayari huko?"

"Bado kidogo!" Spana aliokota chaki, akachora msalaba huku na duara kule, kwa kubahatisha tu. Halafu akazipeleka.

"Mh! Hata dukani hazing'ai hivi," shangazi alisema. Spana hakuweza kumtazama usoni.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki, maana hewa ikibaki, breki hulegea. Bibi ndiye aliyewekwa kwenye usukani ili akanyage pedeli ya breki.

"Kanyaga, mama! Shikilia! Haya, achia!"

"Mwanangu, mguu wangu si wa kukanyagia cherehani," bibi aliguna, lakini alikanyaga.

Walirudia, wakarudia. Mapovu machache yalitoka, kisha hayakutoka tena. Hata hivyo pedeli ilibaki laini, kama mtu anakanyaga mto wa pamba. Jua lilipanda. Mafuta yakakaribia kwisha. Hatimaye shangazi alijiinua kutoka chini ya gari, akakaa chini na kuegemea tairi, uso umejaa uchafu.

"Baba, nisamehe," alisema polepole. "Nimejipa kazi nisiyoiweza. Kosa ni langu."

Babu alitoa kitambaa mfukoni, akafuta kioo cha mbele ambacho hakikuwa na vumbi.

"Basi," alisema, "kuku nao wanahitaji kwao."

Alijaribu kucheka, ila sauti haikumfuata.

"Shangazi, kosa si lako!" Maneno yalimtoka Spana yakifukuzana. "Nilisugua sana, chaki ikafutika. Nikachora upya bila kujua ipi ni ipi."

Shangazi aliinama gurudumuni, akachungulia. Kisha akajipiga paji la uso.

"Ona skrubu ya kutolea hewa! Imeangalia chini. Nami nikaamini chaki badala ya macho yangu!"

Alichukua chupa ya maji iliyojaa nusu, akaifunga na kuigeuza kichwa chini. "Hewa iko wapi, Spana?"

"Imepanda juu."

"Na mdomo wa chupa uko chini. Nikifungua, hewa itatokea wapi?"

"Haitoki. Yatatoka maji." Macho ya Spana yakapanuka. "Kumbe tulikuwa tunatoa mafuta, hewa imejificha juu!"

Walizibadilisha kalipa, ya kulia ikaenda kulia na ya kushoto kushoto. Safari hii mapovu yalitoka kwa wingi. Bibi akakanyaga, akashtuka.

"Imegoma! Ngumu kama babu yenu akiambiwa akaoge!"

Shangazi alilijaribu gari kwanza, taratibu, kisha mteremkoni. Bi Mkubwa alisimama pale pale alipoambiwa. Babu alipewa usukani, akarudi akitabasamu kama bwana harusi. Lakini kabla hajashuka, alimwita Spana.

"Mjukuu wangu, ulisugua kwa kunipenda, najua. Lakini breki haijui mapenzi. Kukosea si aibu, hata shangazi yako amekosea leo. Hatari ilikuwa ule msalaba wa kubahatisha, kwa sababu ulitufanya tuamini kitu kisicho kweli. Ungesema mapema, bibi yako angekuwa na mguu mzima sasa."

"Nisamehe, babu. Nisamehe, shangazi."

"Umesema wakati ambao ungeweza kunyamaza," shangazi alijibu. "Fundi ninayemtaka ni wa namna hiyo." Akatoa chaki mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Spana. "Kesho tunaanza za nyuma. Alama utachora wewe."

"Na kuku wangu je?" bibi aliuliza kutoka kiti cha nyuma, ambako alikuwa ameshaketi na mkoba wake. "Haya, washa gari, mzee. Tukatembee."